Mathe Amevimba Miguu Ocha, na Bandoz Uko Nazo Wewe

Wacha nikuulize, msee. Mathe akikupigia kutoka Ekerenyo akwambie miguu imevimba, usiku hawezi lala bila mito tatu, na kupanda kale kamlima ka kutoka mtoni kunamkata pumzi, utamwambia nini? Wengi wetu tunasema "pole, ni uchovu," tunatuma soo tano kwa M-Pesa, tunarudi TikTok.

Hiyo inaweza kuwa moyo umeshindwa kusukuma damu vile inafaa. Haujasimama, na si ule mshtuko wa kwenye sinema, mtu anashika kifua anaanguka. Pampu imechoka. Maji yanabaki mwilini, yanashuka miguuni, yanaingia mapafuni. Na usifikirie ni mambo ya wazee wa miaka 80. Kuna utafiti ulitoka 2012, wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Chanzo nambari moja, presha. Miaka 52 ni mtu bado anachuma majani chai na kulipa fees.

Kitu inaniuma ni hii: huu ugonjwa unachungwa nyumbani. Daktari wa hospitali kubwa ya rufaa pale Kisii, ama ya kaunti pale Nyamira, anamwona mgonjwa dakika chache. Siku zingine zote anabaki na wewe, dadako, ama mtoi wa form two. Na somo lenyewe liko online, bure kabisa. Madaktari wa moyo wa Ulaya wako na tovuti inaitwa Heart Failure Matters, ina vidio za kuonyesha moyo ukichoka na sehemu nzima ya wenye kumtunza mgonjwa. Iko fiti. Shida, iko kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na lugha zingine za wenyewe. Ekegusii? Wapi. Na usiniambie ati mashine itatafsiri. Kwetu "baba" ni mama, na "tata" ndiye mzee. Ukikosea hapo dawa imeenda kwa mtu mwingine.

Mimi si daktari, hata college niliachia katikati, lakini nimezisoma hizo kurasa na si hesabu ngumu. Mgonjwa anajipima kilo kila asubuhi, akitoka choo, kabla ya chai, anaandika kwa kitabu. Akiongeza kilo 2 ndani ya siku 3, hajanona. Hayo ni maji, na kliniki inafaa ijue mapema. Sasa ona maajabu: Nyamira majani yanapimwa kwa mzani pale kituo cha chai, mkulima akisimama hapo kuhakikisha hajaibiwa hata kilo moja. Kilo zake mwenyewe hazijui.

Kuna chumvi pia. Si ile ya kijiko tu. Royco iko na chumvi, na magadi ya kulainisha chinsaga ni sodiamu ileile. Hii itakuwa ngumu, najua, jaribu kumwambia Mkisii apunguze kitu kwa mboga.

Halafu Lasix, ile tembe ya kukojoza. Mathe akisafiri kutoka Keroka kuja Nairobi anairuka, juu nani atasimamisha matatu kila nusu saa? Namwelewa. Lakini suluhu ni kuuliza kliniki kama anaweza kubadilisha saa ya kumeza, si kuacha. Mbaya zaidi ni magoti. Magoti yakiuma anatuma mtoto dukani Brufen ama Diclo, na hizo zinashikilia maji na chumvi mwilini. Lasix inatoa, Diclo inarudisha. Hapo ndipo watu wanarudi wodi na familia inashangaa, na dawa alikuwa anakunywa!

Tuongee siasa kidogo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa mashinani, wale wa CHP, zaidi ya 100,000 nchi nzima, na ikawapa simu na mashine ya kupima presha. Hiyo ilikuwa poa. Lakini vile naiona, ile simu kazi yake ni kutuma data juu. Inahesabu boma, inajaza fomu. Mbona isibebe pia vidio ya dakika mbili kwa Ekegusii, CHP akaicheza pale jikoni mgonjwa na mwenye kumpikia wakiwa wameketi pamoja? Mathe hana bandoz, na kabambe yake haichezi vidio. Lakini CHP anabisha mlango, na Egesa FM inasikika hadi shambani. Kaunti hizi mbili zikitoa nesi mmoja anayejua kubonga, gharama ni ndogo kuliko kulaza mtu wiki moja. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 tulipiga kelele kuhusu nani analipa. Sawa. Nani anafundisha?

Kabla wajibu, kuna kazi yako. Ukishuka ocha wikendi, mwombe mathe akuonyeshe ile karatasi ya dawa iko chini ya godoro. Ukipata Diclo kando ya Lasix, piga picha, peleka kliniki Jumatatu uulize. Na ubebe mzani.