Ushujaa wa Kungoja

Watu wengi humsifu mchezaji aendeleaye kushindana hali amevunjika. Mwaka 1976, mjini Montreal, Shun Fujimoto wa Japani alivunjika pia ya goti katika mashindano ya jimnastiki. Hata hivyo alipanda pete zining'iniazo, kisha akaruka chini, goti likateguka. Wenzake walipata medali ya dhahabu. Lakini baadaye, alipoulizwa kama angelitenda vile tena, alikataa.

Mimi naona kukataa kule kuna hekima kupita kitendo chenyewe. Mfupa hauungwi kwa ushupavu. Kwanza damu huganda penye ufa, kisha huota gegedu laini, halafu gegedu hugeuka mfupa. Maumivu huweza kukoma kabla kazi hiyo haijaisha. Ndiyo sababu mtoto hudhani amepona, akaruka, akavunjika mara ya pili.

Tazameni Samir Aït Saïd wa Ufaransa. Mwaka 2016 alivunjika mguu huko Rio de Janeiro. Alitibiwa, akangoja, akajizoeza tena. Mwaka 2019 alipata medali ya shaba ya dunia katika pete, na mwaka 2021 akashindana katika Olimpiki ya Tokyo.

Basi, mwanafunzi, ukivunjika wakati wa mashindano, usione haya kuketi kando ukiwashangilia wenzako. Mashindano hurudi; kiungo kilichoharibika huenda kisirudie hali yake. Mwenda pole hajikwai.