Neno la Mhariri: Nani Aliyepekecha?

Boti zikishatia nanga Kunduchi Pwani na vibua vikishagawanywa mafungu, wakaangaji huanza kazi yao. Karai limejaa mafuta, na chini yake mabanzi yamepenyezwa kati ya mafiga. Juzi nilikuwa nimesimama pale nikisubiri fungu langu, mama mmoja akamgeukia kijana wake: "Chochea baba, mafuta yanapoa." Kijana akasukuma mabanzi mawili ndani, akainama, akapuliza, moshi ukamjaa machoni. Haukupita muda, wauzaji wawili wakaanza kurushiana maneno kwa sababu ya mteja, na mama yuleyule akamkemea wa tatu aliyekuwa pembeni akicheka kwa sauti: "Na wewe acha uchochezi wako." Hakuna aliyeona ajabu neno moja kufanya kazi mbili kabla samaki hawajaiva. Mimi nilirudi nyumbani na vibua vyangu pamoja na mada ya toleo hili.

Tazama alichofanya yule kijana. Hakuwasha chochote. Moto aliukuta, kuni alizikuta, yeye kazisogeza tu. Kuchochea ndiko huko. Kwa anayeanza na kitu baridi, Kiswahili kina neno jingine: kupekecha. Kabla ya kiberiti watu walizungusha kijiti kikavu juu ya kipande cha mti mpaka kikatoa moshi, kisha wakaliazima neno hilo kwa yule anayepita nyumba hii na nyumba ile akizungusha maneno, mpaka majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wananuniana. Mpekechaji anakuja na moto wake. Mchochezi anaukuta umeshawaka.

Kiberiti kiliua upekecho, na naona kitenzi chake nacho kinaufuata. Waandishi vijana wanaoniletea makala hawakitumii kabisa. Matokeo yake uchochezi umebebeshwa mizigo ya ukoo mzima: fitina, chokochoko, uchonganishi, kupalia makaa, hata uchokozi wa watoto wa darasa la pili. Kumbe kila mmoja ana kazi yake. Mtu wa fitina hanyanyui sauti, hunong'ona. (Neno hilo nalo lilitoka motoni: katika Kiarabu mzizi wake ulihusu kuyeyusha dhahabu ili ijulikane safi na ghushi.) Chokochoko huanza bila mtu kujua imeanzia wapi. Kuchonganisha kunataka watu wawili na wa tatu katikati yao, kwa hiyo ukiliandika, msomaji atauliza hapohapo: kamchonganisha nani na nani? Ukiandika uchochezi haulizi kitu. Nadhani ndiyo maana wenye mamlaka wamelipenda.

Kwenye sheria neno hili liliingia kwa mlango wa tafsiri. Neno la Kiingereza linalotafsiriwa uchochezi, sedition, lina asili ya Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni kwenda kando, kujitenga. Halina jiko wala kuni. Moto tumeutia sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Mwaka 1958 Julius Nyerere naye alisimamishwa kizimbani Dar es Salaam kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa wilaya, ila yeye alishtakiwa kwa kashfa, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Hata mkoloni, kwa ubaya wake wote, alijua kashfa ni kosa moja na uchochezi ni jingine.

Uhuru ulipokuja kosa la uchochezi lilibaki vitabuni. Lilikuwemo katika Sheria ya Magazeti ya 1976, likahamia katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo yenyewe inakiri kwamba kuonyesha serikali imekosea si uchochezi kwa hilo peke yake. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya uchochezi vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Halafu mwaka 2021 Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Sasa nangojea wakili atakayesimama mbele ya hakimu na kuuliza kwa Kiswahili cha jikoni: mheshimiwa, mteja wangu aliukuta moto gani, na nani aliyeupekecha?

Nisieleweke kwamba maneno hayaunguzi. Majirani zetu Kenya wanajua. Januari 1, 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na waliokimbilia humo wakiwa ndani. Kabla ya siku hiyo na baada yake, neno lililosikika Bonde la Ufa lilikuwa madoadoa. Madoadoa! Neno la kufulia nguo. Kwekwe nalo, neno la palizi. Mwaka 2022, uchaguzi mwingine ulipokaribia, tume ya utangamano ya huko iliyaweka yote mawili katika orodha ya maneno ya kuchungwa. Hakuna cheche ndani ya doa, hakuna mwali ndani ya kwekwe. Kuna kitu kibaya zaidi: doa huondolewa, kwekwe hung'olewa, na doa hilo ni jirani yako. Anayesema hivyo kwenye jukwaa hapazi sauti, huenda hata anatabasamu. Mhariri anayewinda maneno ya moto atampita bila kumwona, kisha atamkamata mama anayelalamikia ushuru wa samaki kwa sababu kasema "hali inafukuta".

Jambo dogo pembeni. Zamani viongozi wetu walichochea maendeleo bila wasiwasi. Siku hizi wanayachagiza. Kuchagiza nilikokukuta utotoni kulikuwa kumng'ang'ania mtu kwa maombi mpaka akupe ulichotaka ili umwondokee, na sijui maendeleo yataona raha gani kutendewa hivyo. Nafikiri walikimbia kuchochea kwa sababu kumeshanuka mahakama. Sisi tunakurudisha: humu ndani uchumi utachochewa kama zamani.

Kwa neno uchochezi lenyewe tumewawekea waandishi wa toleo hili sharti moja. Mtu akiandika uchochezi, aonyeshe moto uliokuwepo na kuni zilizosogezwa. Akishindwa, atafute neno jingine. Makala mojawapo ilifika mezani kwangu ikiwa na uchochezi mara nane. Mwandishi alinuna, akaenda nayo, akairudisha baada ya wiki ikiwa na mara mbili. Zile sita, aliponieleza, zilikuwa ni watu wa mtaa wake wakiuliza maji yatatoka lini.