Moyo unaopiga ovyo, dawa na sombe yetu

Moyo ukipiga ovyo, damu inatuama ndani yake na kuganda. Donge likifika kwenye ubongo, ndiyo AVC. Sasa kuna dawa mpya, kama rivaroksabani, zisizodai kupima damu kila mara, na kipimo kinakula franga! Lakini ngojeni. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, wagonjwa zaidi ya 4.500, wengi wanawake, ulionyesha kwamba kwa mwenye moyo ulioharibiwa na rumatizimu, dawa za zamani za jamii ya wafarini ziliokoa maisha zaidi. Msibadilishe bila monganga. Sombe na lengalenga zinapunguza nguvu ya wafarini, lakini kuziacha ghafla ni hatari pia: kuleni kiasi kilekile kila juma. Mwenye mimba, au anayeitafuta, amwambie monganga mapema: wafarini inaweza kudhuru mtoto.