KATAVI NI YETU, TWENDE TUKAIONE

Wiki iliyopita, katika mkutano wa tawi letu hapa Misunkumilo, tuliwauliza wanachama: ni nani amekwisha kuingia Hifadhi ya Katavi kwa nia ya kuitembelea? Ilinyoshwa mikono mitatu, na mmoja ulikuwa wa dereva aliyewapeleka wageni. Nasi tuliouliza swali tulikuwa tumeiona kwa dirisha la basi la Sumbawanga tu, huku tukiua mbung'o.

Ndugu wananchi, hii ni aibu. Toka Mpanda mpaka Sitalike, kwenye mto Katuma wenye viboko, si safari ya kumchosha mtu. Mbele yake ziko tambarare za Katavi na Chada, ambako nyati hukusanyika kwa mamia wakati wa kiangazi. Watu wa Ulaya na Marekani hupanda ndege, wakatua katikati ya pori, wakarudi kwao wakisimulia. Sisi majirani hatuna la kusimulia.

Tusiseme sababu ni fedha peke yake. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo mno kuliko anachotozwa mgeni. Kinachotushinda ni gari, na gari watu thelathini wakichanga hupatikana. Sababu kubwa ni kasumba. Mjerumani alipolitenga pori hili mwaka 1911, na Mwingereza alipolirithi, mwananchi alifundishwa jambo moja: ukionekana humo utakamatwa. Mwaka 1974 Serikali yetu wenyewe ililifanya Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1998 ikaipanua hata ikafika kilomita za mraba 4,471. Hofu ya zamani bado tunayo.

Na tulichokiacha humo si wanyama tu. Karibu na ziwa Katavi upo mkwaju ambao wazee wa Kibende na Kipimbwe husema ndimo inamokaa roho ya Katabi, mwindaji wa kale, na watu huweka sadaka shinani pake. Jina la hifadhi limetoka kwake, na mkoa wetu uliozaliwa mwaka 2012 ukalichukua. Kijana wetu anawajua wachezaji wa Uingereza namba kwa namba. Mwulize Katabi ni nani! Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hakuiunda ili kuwaburudisha watalii.

Liko na jambo zito zaidi. Katuma hupungua sana kila kiangazi, viboko wakasongamana matopeni. Baadhi ya wanaoyachepusha maji huko juu kwa ajili ya mpunga ni ndugu zetu, pengine wanachama wenzetu. Wana watoto wa kulisha, na kuwakemea hakutoshi. Lakini mtu ambaye hajapata kumwona kiboko akigaagaa kwenye tope linalokauka, atasikiaje habari ya sheria ya maji? Kwake ni amri nyingine tu iliyotoka mbali.

Kwa hiyo tunasema: mavuno yakiisha, kila tawi likodi basi moja. Nusu ya viti wapewe wanafunzi. Viti vya mbele wakae wazee, watusimulie njiani, na wakulima wa juu ya Katuma waalikwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapa Misunkumilo tumekwisha anza kuandika majina. Anayetaka kwenda aje ofisi ya tawi na mchango wake, apewe stakabadhi.