Watoto kumi na mmoja, wote usingizini

Mimi na mume wangu tuliingia kituo kimoja cha kulea watoto saa nne na nusu asubuhi, Jumanne, bila kupiga simu. Ukuta wa mbele ulichorwa twiga na herufi za Kiingereza, na mwenye kituo, mama mchangamfu sana, alituhakikishia kuwa watoto wake wanaimba ABC kabla ya kutimiza miaka miwili. Nikaomba nione chumba cha wachanga. Nilihesabu watoto kumi na mmoja juu ya magodoro na mabinti wawili wameketi mlangoni. Watoto wote walikuwa wamelala fofofo.

“Wametulia kweli,” mume wangu akaninong'oneza. Mimi jasho lilikuwa linanitoka.

Nililetwa Dar kutoka Mafinga kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka 13. Sheria inataka mtoto awe na angalau miaka 14 ndipo apewe kazi, tena nyepesi, lakini walionileta hawakuuliza na mimi sikujua. Nilikabidhiwa mtoto wa miezi mitano. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nachota maji, nafua, nawaandaa wa shule, kisha mama mwenye nyumba anapanda daladala na kuniachia mtoto hadi saa moja usiku. Siku moja alianza kulia asubuhi na hakunyamaza. Nilimbeba mgongoni, nikamwimbia, nikazunguka naye uwani mpaka miguu ikauma. Kabatini kulikuwa na dawa ya maji ya mafua, ile inayolewesha. Nikampa kijiko. Akalala, nami nikalala sakafuni pembeni yake. Kesho yake nilimpa kabla hata hajalia.

Mama aliporudi akanisifu kwa majirani: huyu dada wangu ana mkono wa kulea, mtoto hasumbui kabisa. Mungu alimlinda yule mtoto. Mimi sikumlinda. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisema.

Basi mtu kama mimi akiona chumba kizima cha wachanga kimelala saa nne na nusu, hafikirii utulivu. Huenda niliwadhania vibaya wale mabinti, na kama ni hivyo wanisamehe. Ila wachanga kumi na mmoja hawana kengele moja ya kulala. Tuliaga.

Siku hizi mimi ni karani wa stoo Kariakoo. Likizo ya uzazi niliyopewa ni siku 84, kama sheria inavyosema. Kliniki nako wanasisitiza maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Piga hesabu mwenyewe: siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Sheria inaniruhusu pia hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini kutoka Kariakoo hadi Tabata na kurudi, kwa foleni ile ya Buguruni, saa hizo zinaishia barabarani. Nilimwomba bosi anipe mwisho wa siku niwahi nyumbani. Alikubali shingo upande.

Pengo hilo la miezi wengi wetu tunaliziba kwa watoto wa watu wengine. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, alisema kuna binti wa ndugu yake kijijini, amemaliza la saba juzijuzi. Mume wangu akaniuliza, mbona wewe ulianza ukiwa mdogo kuliko huyo? Nikamwambia, ndiyo maana.

Wazazi wenzangu tunapotafuta pa kumwacha mtoto tunauliza ada, usafi, Kiingereza, na sasa hivi kamera. Rafiki yangu amefunga moja sebuleni, anamchungulia dada wa kazi kwenye simu akiwa ofisini. Inamwonyesha dada amekaa. Haimwonyeshi kwamba hajala tangu jana jioni. Mimi ningeuliza kwanza habari za huyo mleaji: analala saa ngapi? Analipwa kwa wakati? Anashika wachanga wangapi peke yake, na akienda chooni nani anabaki nao? Ukiona mwenye kituo anakasirishwa na maswali hayo, beba mtoto wako uondoke. Tena usiende siku uliyoalikwa.

Hatimaye nilimpata bibi mmoja mtaa wa pili. Hana bango wala twiga ukutani. Nilifika bila hodi ya mapema nikakuta watoto wanne: mmoja analia, mmoja ananyonyeshwa na mama yake aliyepitia kutoka sokoni, mmoja anatambaa na kijiko cha mbao mkononi, wa nne amelala chali kwenye mkeka. Binti yake mkubwa anamsaidia. Jiko la mkaa lilikuwa koridoni, nikamwambia sitamwacha mtoto mpaka litoke nje. Akalitoa siku ileile.

Bibi huyu hajasajiliwa, na vituo vya kulea watoto mchana vinatakiwa kusajiliwa. Sitetei hilo. Lakini nisingependa afuatwe na faini; nataka afuatwe na ofisa ustawi wa jamii atakayekaa naye na kumwonyesha njia. Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo mwaka 2021, na kazi yake ingeanzia hapo kwenye mkeka. Nairobi kuna shirika linaloitwa Kidogo linalowafunza kinamama wa aina hiihii wanaolea watoto wa majirani. Wenzetu wamewaona.

Namlipa bibi kila Ijumaa, mkononi. Jumapili hafungui. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anachoka, na hapo ndipo nilipoamua kumwachia mwanangu.