UKOO HAUNA HATIA

Yako mambo yaliyotokea katika milima iliyo juu ya bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro, ambayo sisi wa visiwani, pamoja na viongozi waliokabidhiwa afya na elimu ya watoto wetu, hatuna budi kuyazingatia.

Msafiri atokaye Ifakara, akivuka mto Kilombero na kupanda kwenda Mahenge, huingia katika nchi ya Wapogoro. Huko kifafa ni kingi kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya ugonjwa huo. Aliwakuta wagonjwa wametengwa na wenzao. Watu waliogopa mate yao, na mgonjwa alipoanguka motoni, wengi walichelea kumgusa. Walipopewa dawa, wengi walipata nafuu.

Kwa kuwa kifafa hicho kilionekana kuziandama koo fulani, wataalamu waliitafuta sababu katika damu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha dalili za kurithiana. Hata hivyo, uchunguzi wa miaka iliyofuata umekihusisha kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito ya maji ya kasi. Watu wa ukoo mmoja hushirikiana damu, lakini hushirikiana pia mto na shamba. Huenda basi ukoo uliohukumiwa kwa damu yake ulikuwa unaishi tu karibu na maji.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu hukumu ya namna hiyo inatolewa kila siku, Ifakara na hata huku kwetu, juu ya mtoto asiyetulia: yule asiyeweza kukaa kitako darasani, asiyemaliza alichoanza, anayeropoka kabla ya kuulizwa. Wataalamu huiita hali hiyo, inapozidi na kudumu, upungufu wa umakini na utukutu wa kupita kiasi. Majirani husema ana shetani, au mama yake hakumfunza adabu.

Elimu ya leo inasema vingine. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba tofauti baina ya watu katika hali hiyo hutokana na urithi kwa takriban asilimia 74. Wala hakuna kinasaba kimoja cha kulaumiwa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha watu 38,691 wenye hali hiyo, ulitaja sehemu 27 za vinasaba, na kila moja huchangia kidogo sana. Lakini watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Mpogoro na Mpemba hawakuhesabiwa.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na walisema kweli. Lakini methali hiyo isigeuzwe hati ya mashitaka dhidi ya mzazi. Mtu hachagui vinasaba anavyomrithisha mwanawe, kama vile Mpogoro hakuchagua inzi wa mtoni.

Kwa hiyo tunatoa wito. Walimu wa shule na wa madrasa waache kuifanya fimbo kuwa dawa. Mtoto wa namna hii akae mbele, apewe kazi fupi fupi, asifiwe anapozimaliza. Wizara zinazohusika ziwafunze walimu na waganga wa vituo vya afya kuitambua hali hii, na kuitofautisha na kifafa, uziwi au njaa. Na watafiti wanaotafuta vinasaba wawahesabu na watu wetu, kwa ridhaa yao, kisha wawaletee majibu.

Mahenge watu walitafuta wa kumlaumu, na huku mgonjwa akiungua. Tusingoje mtoto wetu afukuzwe shule ndipo tuulize ana nini.