Dakika nne ambazo hazikuwa nne

"Piga Tabata dakika nne kwa siku, inatosha. Kutembea ni kupoteza muda." Kauli hii nimeisikia jimu, kazini, hata msibani, na inaniudhi kwa sababu inawanyang'anya watu zoezi wanaloliweza.

Turudi kwenye chanzo. Mwaka 1996 mtafiti wa Kijapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha matokeo ya wiki sita za kukanyaga baiskeli ya maabara. Mtindo ulitoka kwa kocha wa wanamichezo wa mbio za kuteleza barafuni: sekunde 20 za nguvu zote, 10 za kupumzika, raundi saba au nane, hadi miguu igome. Waliopimwa ni vijana wanafunzi wa elimu ya michezo. Kwanza walipasha mwili moto dakika 10. Na siku moja kati ya tano walikanyaga dakika 30 mfululizo kwa kasi ya wastani, kisha raundi nne tu za ukali. Hizo dakika 30 sijaziona katika video hata moja ninayotumiwa! Tena kundi la pili, lililokanyaga saa nzima bila ukali, nalo liliongeza uwezo wa kutumia oksijeni. Lilichokosa ni nguvu za kufyatuka, anazozihitaji mtelezaji wa barafuni. Karani wa miaka 50 atazipeleka wapi?

Mwenye msingi mzuri, mazoezi makali ya vipindi yatamfaa sana. Bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge mwenyewe, kule kambini Kaptagat, Kenya, aliyatengea siku zake maalumu. Kilomita nyingi kati ya zaidi ya 200 za wiki alizikimbia polepole.

Ninachokipinga ni kumchukua shangazi yangu, mwenye presha na magoti mabovu, na kumrusharusha tangu siku ya kwanza. Alivumilia wiki mbili, akaacha, akiamini mazoezi hayakuumbiwa watu kama yeye. Imani hiyo ilimkalisha kitako mwaka mzima, na hilo ndilo linaloniuma.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za makali. Dakika nne kila siku ni 28. Siku hizi shangazi anatembea hadi sokoni na kurudi, nusu saa bila kusimama, Jumatatu mpaka Ijumaa. Piga hesabu yake.